Rangi ya Bluu Kwenye Remorke ya Riziki

Aibu yangu ya ile Jumamosi haiwezi kufichika, maana mashahidi balikuwa bengi, basi heri nibataje mi mwenyewe mbele bao banitaje. Kulikuwa Riziki, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Asende (Asende alituacha Riziki akiwa na miaka minne, njo nikamlea mi, ananiita Tate kama bajukuu bote, lakini akishikwa na homa anasahau, ananiita Mama). Kulikuwa Etabo, kitindamimba wangu, dereva wa pikap ya tajiri mmoja wa kuku hapa Dzaleka, kambi yetu ya bakimbizi huku Malawi. Kulikuwa jirani yangu Mama Wilondja, mkubwa wa bamama ba kwaya, pamoja na bamama benyewe: Mama Sifa, Mama Furaha, Mama Mlondani, na Mama Esperansi, yule mwembamba mwenye sauti nene kuliko ya bwana yake. Upande wa bakwe kulikuwa Inosenti, bwana wa Riziki, na mama yake Konsolata, na baba yake Mzee Evariste. Bakwe zetu ni Banyarwanda, banakaa Kawale kule Lilongwe, na Mzee Evariste ni fundi wa umeme wa magari, anajulikana mpaka Area 23. Kumbukeni huyo Mzee Evariste, maana njo niliyemkosea.

Kanisani tulikuwa tumeshamaliza Ijumaa, hapa hapa kambini. Jumamosi ilikuwa siku ya kumsindikiza mtoto kwa bwana yake na vyombo vyake vyote, na vyombo vilikuwa vipande vingi: godoro, meza, viti vinne, sufuria, jiko la makaa, na mashini ya kushona iliyokuwa ya mama yake. Pikap ingebeba bantu. Vyombo tulivitafutia remorke (trela, kwa bale banaosema hivyo), na remorke ilikuwa ya Mzee Lusambya, shemasi wetu, kazi ya hiyo remorke siku zote ni kubeba mbolea ya kuku kwenda mashambani. Ilikuwa na tairi nzuri. Taa za nyuma, hapana, panya balikuwa bamekula waya zote, na bila taa za nyuma polisi ba barabarani habakuachi ufike Lilongwe.

Sasa ona upole wa mkwe. Mzee Evariste alisikia hayo kwa Inosenti, Jumatano akapanda minibus, akaja na kamfuko kake ka vyombo, akalala chini kwenye vumbi la uwanja wangu, mtu mzima, baba wa bwana-arusi, akaanza kutandika waya mpya. Mi kwa heshima sikumkaribia. Tulisalimiana macho yangu yakiwa chini, nikamtuma Etabo ampelekee chai na viazi vitamu. Alipomaliza akaita, "Etabo, kanyaga breki. Kata kushoto. Sasa kulia." Taa zikawaka vizuri sana, nyekundu mahali pa nyekundu, manjano mahali pa manjano, batoto ba jirani bakapiga makofi. Mzee akanawa mikono, akarudi Kawale, hakutaka hata nauli.

Hapo, kama ningekaa kimya, leo ningekuwa nawasimulia habari za mahindi.

Lakini nilikuwa na hofu moja tu moyoni, na nitaisema ilivyo. Riziki ni yatima. Na kulikuwa maneno, pande zote mbili, ya bale banaosema mtoto wa kwetu anaenda kufanya nini kule, na bale ba kule bakisema huyo hana baba hana mama, atakuja na nini. Nilikuwa naogopa afike kwa bantu aonekane kama kitu kilichookotwa. Usiku nilikuwa nahesabu sufuria zake kichwani kama mtu anayehesabu batoto bake. Na sasa huyo mtoto aingie Kawale na remorke ya mbolea ya kuku, ina kutu na alama za mavi pembeni? Nikasema, hapana, Asende angelia.

Kulikuwa na kopo la rangi ya bluu lililobaki tulipopaka milango ya kanisa. Alhamisi nikaosha remorke na sabuni na majivu, nikaanza kupaka. Nilipaka pande, nilipaka sakafu, nilipaka mpaka chini (Mama Furaha alipita akaniona nimelala mgongo, akauliza kama nimeanguka). Huko chini, karibu na shingo ya remorke, nikakuta ka-waya keusi kamefungwa na bulon (bolti) kwenye chuma, na mahali pale Mzee Evariste alikuwa amekwangua chuma mpaka kikabaki uchi, kinang'aa, upana wa sarafu. Mi nikaona: masikini mkwe, alichoka, hakumaliza hapa, kutu itaingia. Nikachukua ufunguo wa Etabo, ile spana, nikafungua ile bulon, nikapaka pale mara mbili, nikapaka na kichwa cha ule waya, nikangoja ikauke kabisa, nikafunga tena kwa nguvu zangu zote. Hata ule mdomo wa remorke unaoshika kwenye mpira wa chuma nyuma ya pikap niliupaka, ndani na nje. Kwetu usafi ni mpaka chini ya mkeka, njo nilivyolelewa.

Jumamosi asubuhi, vyombo vimefungwa na kamba, bamama bameshapanda, Riziki amekaa mbele amefunikwa kitenge kipya kichwani, Etabo akasema, "Mama, ngoja tupime taa mbele tuende."

"Nani alizitengeneza?"

"Mzee Evariste."

"Na alizipima?"

"Alizipima Jumatano, Mama, lakini gari ni..."

"Sasa we unataka kupima kazi ya mkwe wako, bantu banakuona? Bakienda kumwambia kwamba tulirudia kazi yake nyuma ya mgongo wake, utaweka wapi uso? Washa gari."

Etabo alinitazama. Lakini ni mtoto aliyelelewa, akawasha gari.

Tulienda tukiimba. Remorke yangu ilikuwa inang'aa nyuma kama anga ya mwezi wa kumi, bantu ba njiani banasimama kuangalia, na mi nimekaa nyuma ya pikap na bamama, nimejaa fahari mpaka koo. Mpaka tukafika kwenye kizuizi cha polisi, barabara kubwa, mbali kidogo na Lilongwe.

Polisi alikuwa kijana mwenye adabu. Akazunguka nyuma, akamwambia Etabo akanyage breki. Etabo akakanyaga. Na mi nikaona kwa macho yangu: zile nyekundu hazikuwaka, zikawaka zile manjano, tena kidogo, kama kaa la moto linalokufa. Polisi akasema akate kushoto. Zikakonyeza zote mbili, kushoto na kulia, na nyekundu nazo zikaingia kati, kila moja inafanya yake. Akasema awashe taa kubwa. Hapo zikazima zote, kimya, kama bantu ambao bamesikia jina la mwenye kubadai. Polisi akacheka, akaniangalia, akasema kitu kwa Chichewa, na Etabo akatutafsiria: "Anasema, Agogo, njo kusema Tate, remorke yenu ni nzuri lakini inaenda kulia na kushoto kwa wakati mmoja. Anasema tuivute pembeni, haipiti hivi."

Tukavuta pembeni. Etabo akaanza kutafuta ugonjwa. Akachomoa ampuli (balbu za taa), akaziangalia kwenye jua, zilikuwa nzima. Akaangalia fizibo (fyuzi) ya pikap, nzima. Akachomoa ile fishi inayounganisha gari na remorke, akaisugua na karatasi ya msasa, akaipuliza, akairudisha. Akakanyaga breki, Mama Sifa akiwa nyuma anatuambia. "Bado! Inakonyeza! Ee, sasa imelala!" Jua lilikuwa kali. Riziki mbele kule na kitenge chake kichwani (bibi-arusi hajifunui njiani) alikuwa anatoka jasho mpaka mgongo wa nguo umebadilika rangi. Na Kawale bakwe bamepika, bamekaa, banangoja. Kila nilipomtazama yule mtoto nilisikia bale banaosema: unaona, hata kufika hajafika, ameshaanza na mkosi.

Etabo akapiga simu. Mzee Evariste akasema nakuja. Hofu yangu njo ikageuka hasira, na hasira ya mzee inatafuta mahali pa kukaa, ikakaa kwa fundi. Nikasema kwa sauti, bamama bote banasikia, na polisi, na bantu ba baiskeli: "Kazi ya bure njo hii. Angekuwa anapeleka remorke ya tajiri, angefunga waya hivi?"

Mama Wilondja akanigusa mkono. "Dada, taratibu."

"Taratibu ya nini? Mtoto anaiva mle kama muhogo!"

Baada ya muda Mzee Evariste akafika, amebebwa na kabaza, ile baiskeli ya kukodi, kutoka pale minibus ilipomshusha, amevaa suruali ya sherehe na shati nyeupe, kamfuko kake magotini. Alitusalimia bote, mmoja mmoja. Akamsalimia Riziki kupitia dirishani, "Mwanangu, vumilia kidogo." Kisha akakunja mikono ya shati, akaanza.

Sasa mnajua desturi. Siku ya kusindikiza, bamama ba upande wa mtoto banaimba kuchokoza bakwe, njo raha yenyewe, bakwe nao banajibu, hakuna anayekasirika. Mama Wilondja, nafikiri alitaka kuondoa uchungu hewani, akaanza wimbo wa kawaida. Lakini wimbo unahitaji mtu wa kutupia maneno, na mtu huyo siku zote ni mi. Nikatupia:

*Fundi wa Kawale ee,*
*taa yako inasinzia mchana,*
*mtoto wetu utammulika na nini?*

Bamama bakaanguka kwa kucheka. Mama Esperansi akaupokea na ile sauti yake, bantu ba barabarani bakasimama, polisi akacheza kidogo na mguu. Nilitupia mara ya pili, mara ya tatu, nikaongeza kwamba fundi anafunga waya kwa mate. Mzee Evariste hakuinua kichwa. Hakujibu hata mstari mmoja, na mi nikajiambia, hajibu kwa sababu ana hatia.

Alikuwa na ka-ampuli kake kenye waya mbili, ka kupimia. Alianza kwenye fishi ya pikap, tundu moja moja: breki, kushoto, kulia, taa ndogo. Kila tundu ka-ampuli kakawaka vizuri. Akasema, "Gari haina kosa." Halafu akatoa waya mrefu, akafunga upande mmoja kwenye batri ya pikap, ile ncha yenye alama ya kutoa, akavuta mpaka nyuma kabisa, akagusisha upande wa pili kwenye chuma cha taa ya remorke. "Etabo, kanyaga." Nyekundu zikawaka zote mbili, kali, nzuri, kama ile Jumatano. Akatoa waya, zikafa. Akarudisha, zikawaka. Akatikisa kichwa pole pole, kama mtu aliyepata jibu ambalo hakulitaka, akaingia chini ya remorke na shati yake nyeupe.

Bamama balikuwa bado banaimba. Mkono wake ukatoka chini, ukaniita mi.

"Mama, tafadhali, njoo unishikie hii."

Nikainama. Akanipa ka-ampuli nishike, na kwa kisu akakwangua pale kwenye bulon, kidogo tu. Ngozi ya bluu ikatoka. Chini yake chuma kikang'aa.

"Hii waya inaitwa masi," aliniambia kwa sauti ya chini sana. "Umeme unaenda kwenye taa, lazima urudi nyumbani. Unarudi kwa hii. Lakini hauwezi kupita kwenye rangi, mkwe. Ukikosa njia yake unarudi kwa njia za wenzake, njo maana kila taa ilikuwa inawaka mahali pa nyingine." Akaangalia mikono yangu. Kucha zangu zote kumi zilikuwa bluu mpaka ndani, sikuwa nimeweza kuzisafisha. Hakuuliza nani alipaka.

Akafungua bulon, akakwangua vizuri, akakwangua na kwenye ule mdomo, akafunga. Kisha akasema, bado tuko chini kule babili kama batoto banaoficha kitu, "Rangi yenyewe ni nzuri. Tuseme waya ulilegea njiani. Leo ni siku ya mtoto."

Na mi, Mungu anisamehe, nikasema, "Ndiyo."

Akatoka, akajipangusa, akawaambia bote, "Waya ulilegea. Samahani, kosa langu." Taa zikapimwa, polisi akasema zikomo, asante, safari njema, Mzee akatangulia na minibus, nasi tukaondoka. Lakini wimbo hausimami kwa sababu taa zimewaka. Wimbo ulikuwa umeshapata miguu. Bamama banauimba njia yote, na mi nimekaa kati yao, mikono nimeificha ndani ya kitenge. "We mwenyewe mwenye wimbo unanyamaza?" Mama Mlondani aliniuliza. Nikasema koo inaniuma.

Tukaingia Kawale tukiimba. Uwanja wa bakwe ulikuwa umejaa: jirani, bantu ba kanisa lao, mafundi benzake, bantu ba sokoni. Batoto ba Kawale bakaurukia ule wimbo hapo hapo, dakika moja tu bote banaujua: *fundi wa Kawale ee, taa yako inasinzia mchana.* Kila mtu anacheka, Mzee Evariste naye anacheka kidogo, kile cha midomo tu, shati yake ina vumbi mgongoni na doa la bluu kwenye mkono. Na kulikuwa bwana mmoja pale amevaa kofia, mteja wake, akasema kwa nguvu, "Evariste! Kumbe hata remorke ya mkwe inakushinda? Na mi nilikuwa nikuletee gari yangu Jumatatu!" Bakacheka tena. Lakini yule bwana hakuwa anatania yote, nilimwona, na Mama Konsolata alimwona pia, maana aliangalia chini.

Fundi hana kitu kingine, bandugu zangu. Sisi tuliokimbia na mikono mitupu, jina la mtu njo shamba lake. Na huyu alikuwa analiacha lake likanyagwe uwanjani kwake, mbele ya bateja bake, ili mtoto wangu asiingie ndani na aibu ya Tate wake. Mi nilihesabu sufuria miezi mingapi ili Riziki aheshimike, na mtu wa kwanza kumheshimu alikuwa yule niliyemwimba.

Nikashuka kwenye pikap. Nikaenda katikati ya uwanja, nikainua mikono yote miwili juu, vidole wazi.

"Mama Wilondja, simamisha wimbo."

Ukasimama.

"Angalieni kucha zangu," nikasema. "Mzee huyu alifunga waya vizuri sana. Mi nilifungua bulon yake nikaipaka rangi, kwa ajili ya urembo, na mi njo nilimkataza Etabo kupima. Taa zilikufa kwa mkono wangu. Yeye alijua, akanifichia. Na ule wimbo ni wangu, na ni wa uongo." Nikataka kuendelea, nimwombe Mama Konsolata asimhesabie mtoto kosa la mzee, lakini nikabaki nimesimama na mikono juu kama mtu aliyekamatwa na majeshi.

Riziki akafungua mlango wa gari. Bibi-arusi hashuki mbele ya kushushwa na bakwe, anajua, nilimfundisha mwenyewe. Akashuka, akatupa kitenge nyuma, uso wazi mbele ya bantu bote, akaja akasimama karibu yangu, akanishika mkono mmoja akaushusha pole pole, halafu ule wa pili.

Nikamwambia, "Mtoto, jifunike." Akasema, "Jua kali, Tate." Hakujifunika.

Mama Konsolata akatusogelea. Halafu akachukua vidole vyangu, akavigeuza, akakwangua kucha moja kwa ukucha wake. "Hii ni rangi ya mafuta," alisema. "Haitoki leo." Akageukia bantu. "Mmesikia bote? Mama huyu ameharibu kazi ya mwenye nyumba, kwa kinywa chake amesema. Kwetu kosa kama hilo lina faini."

"Faini!" bantu bakajibu, na nilisikia Etabo nyuma yangu anavuta pumzi.

"Mlango wetu huu una miaka haujaona rangi. Na madirisha. Na kabati la jikoni. Atakuja Jumatatu na brashi yake, na hatatoka hapa mpaka amalize."

"Lakini bawaba asiziguse!" Mzee Evariste akasema.

Njo pale kicheko kilipasuka, na safari hii alikuwa anacheka mpaka machozi. Yule bwana wa kofia akamwambia, "Basi Jumatatu naleta gari, lakini nitaegesha mbali na huyu mama." Na Inosenti (mi naye tunataniana, ananiita bibi yake mkubwa, na kwetu bibi ni mke) akapiga kelele kwamba afadhali, sasa ana bibi babili nyumbani.

Bengi habakuelewa kwa nini nililia kusikia ile faini. Mwenye kuelewa anajua kwamba aliyemlea mtoto akishamfikisha kwa bakwe anarudi siku ile ile, na hakanyagi tena mpaka aitwe, na kuitwa kunaweza kukawia mpaka mimba. Nilikuwa nimejiandaa miezi yote kwa sufuria, kwa kulala peke yangu sikujiandaa. Mama Konsolata ni mzazi, alijua anachonipa.

Jumatatu nilienda. Mlango peke yake ulinichukua siku tatu, kwa sababu nilikuwa napaka pole pole sana, na Riziki anakaa kwenye kizingiti na mashini ya mama yake anashona mapazia, ananiambia, "Tate, pale umeruka," nami naruka tena makusudi. Bawaba nilizifunga na kitambaa kabisa.

Tangu siku ile nimeweka nadhiri: chuma nikikikuta kimekwanguliwa, nakiacha uchi wake, nauliza kwanza mwenye kukikwangua. Na mtu akitaka kupima taa mbele ya safari, hata kama zimetengenezwa na malaika, mi mwenyewe nasimama nyuma kumwambia zinawaka au haziwaki.

Hayo njo ninayokumbuka. Kama pale kwa polisi aliyesimama nyuma hakuwa Mama Sifa bali Mama Furaha, au kama wimbo niliutupia mara tano na si tatu, we uliyekuwapo niambie, nirekebishe. Sitakasirika.